Halmashauri inalipia taka zifike dampo. Nani analipia zisifike?

Kilo Mbili (mleta mada)

Wakuu, salaam. Halmashauri zinaingia msimu wa bajeti, na safari hii naomba tuongee mapema, kabla makabrasha hayajafika kwa madiwani na kugongewa meza.

Kazi yangu ni kununua, kuchambua na kubana plastiki, upande wa Kimara hapa Dar. Kiwanda sina. Nina banda, mzani, mashine ya kubana, na watu wanaoniletea mzigo kwa mikokoteni, kwa maguta na vichwani.

Kila bajeti ikisomwa utasikia vikundi vya urejelezaji vitawezeshwa. Na kweli huwezeshwa. Mashine inaletwa, mgeni rasmi anakata utepe, picha zinarushwa kwenye magrupu. Pita pale baada ya muda, utakuta kuku wanataga chini ya mashine. Watu watakwambia vikundi havina nidhamu. Wapo wasio nayo, sikatai. Lakini hata kikundi chenye nidhamu ya jeshi kitakufa kwa mpangilio huu, kwa sababu serikali inanunua chuma mara moja, wakati kinachoua kituo ni gharama za kila siku. Na pesa ya kila siku halmashauri inayo. Inaitumia kusafirisha taka kwenda Pugu.

Hebu pigeni hesabu. Gari la taka likitoka Bunju linavuka jiji zima hadi Pugu Kinyamwezi. Kuna dizeli, matairi, dereva, wapakiaji, gereji, halafu kuna mtambo wa kusukuma taka kule dampo, nao unakunywa dizeli. Yote yanalipwa, iwe kwa mapato ya ndani au kwa ada ya taka tunayotoa majumbani. Mimi nikizuia tani moja isipande lile gari, halmashauri imeokoa gharama ya kuisafirisha na kuifukia. Kwenye hiyo akiba siambulii hata senti. Ninacholipwa ni bei ya mnunuzi wa plastiki, na mnunuzi hana habari kama nimelisaidia jiji au sijalisaidia. Yeye anaangalia soko.

Na soko lenyewe mlijue. Vinavyonunuliwa ni chupa za maji, ndoo, madumu, maboksi, makopo ya soda na vyuma. Pakiti za bisikuti zenye ule utando wa kung'aa ndani, pampasi, vikombe vya mtindi vilivyopasuka, hakuna anayevitaka. Maganda ya ndizi, mabaki ya jikoni na majani hakuna anayevitaka vilevile, na hivyo ndivyo vinachukua zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu. Ukisema "waachieni wafanyabiashara", wafanyabiashara tutachukua nyama tu, mifupa tutamwachia mwenyekiti wa mtaa.

Kwa nini nang'ang'ania vituo viwe mitaani, visiwe kiwanda kimoja kikubwa huko mbali? Kwa sababu ya hewa. Chupa ya maji ambayo haijabanwa ni hewa tupu. Jaza kirikuu mpaka juu ya matenga, funga na kamba, bado hakijafika hata nusu ya uzito kinaoweza kubeba. Unalipa mafuta kusafirisha hewa. Ukizibana kuwa marobota karibu na zinapookotwa, safari hiyohiyo inalipa. Mashine ya kubana lazima iwe karibu na mwokotaji, na mwokotaji anatembea kwa miguu.

Halafu kuna kazi ya mkono ambayo watu hawaioni. Njooni siku moja mtazame meza ya kuchambulia. Kofia inatolewa, lebo inachanwa, chupa ya mafuta ya kula inawekwa kando, ya rangi kando. Tukiwa na wasiwasi na kipande tunakitupa kwenye beseni la maji: plastiki ya kofia na ya madumu inaelea, ya chupa ya maji inazama. Kuna plastiki nyingine, ile ya mabomba na baadhi ya lebo, inazama pia na kwa macho inafanana na chupa. Ikipenya na kwenda kuyeyushwa pamoja na chupa kwenye joto la nyuzi 250 hivi, inaungua kabla ya wenzake na kuutia mzigo wote weusi. Mnunuzi akiiona moja kwenye robota anarudisha robota zima, na nauli ya kurudi ni yako. Wanaochambua pale ni kina mama wanne. Hakuna mkopo wala mradi niliowahi kuona ukilipa mshahara wa mtu wa kuchambua.

Bei nayo haishikiki. Plastiki mpya hutengenezwa kwa mafuta na gesi. Mafuta yakishuka duniani, plastiki mpya inakuwa rahisi na yangu inakosa wa kuitaka. Mwaka 2018 China ilipofunga mlango kwa taka za plastiki kutoka nje, soko la dunia nzima liliyumba. Mtu anayesukuma mkokoteni Mbezi hajui habari za China, anachojua ni kwamba jana kilo ilikuwa bei hii na leo imeshuka. Anaacha kuokota chupa, anarudi kwenye chuma chakavu. Chupa zinaenda mtaroni, mvua ikija tunalaumiana.

Sasa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na imesema kuzisimamia na kuzipunguza. Kuzipunguza! Lakini angalia fungu la taka katika bajeti yoyote ya halmashauri: magari, mafuta, dampo, usafi wa barabara. Kupunguza kumepewa semina na siku moja ya usafi yenye fulana.

Wanachotuonyesha wakiulizwa ni mkopo wa asilimia 10 wa mapato ya ndani, ile 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nashukuru upo, hauna riba, ulisimamishwa Aprili 2023 na ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Ila mkopo ni mkopo. Unamkopesha mtu mashine afanye kazi ambayo kisheria ni ya kwako, halafu unamdai marejesho. Mkandarasi wa magari ya taka mbona haambiwi akope afanye kazi na arejeshe?

Ninachopendekeza: halmashauri itoe eneo lenye paa na umeme, kwa mkataba wa miaka ya kueleweka, kisha ilipe kituo kwa kila kilo iliyozuiwa kwenda dampo. Ilipe nusu tu ya kile ambacho ingetumia kuisafirisha. Nusu nyingine ibaki nayo. Mashine tutanunua wenyewe, maana benki ikiona mkataba wa malipo ya kila mwezi itatusikiliza.

Nawasikiliza, na mawe pia napokea.

Chapati Maji

Uzi mrefu kama reli ya SGR. Kwa kifupi unaomba ruzuku.

Kilo Mbili

Ndiyo mkuu, ruzuku. Hata gari la taka linaendeshwa kwa ruzuku, sema halijawahi kuitwa hivyo.

Dizeli

Mimi ni dereva wa hayo magari mnayoyasema. Mleta mada anaongea kama vile kupeleka taka dampo ni kazi ya kipuuzi. Njoo ukae na mimi siku moja ya masika. Unafika dampo saa tano, mbele yako kuna foleni, njia ya ndani imekuwa tope, gari la kwanza limezama, wote mnasubiri mtambo uje ulivute. Unarudi usiku. Maji ya taka yametiririka barabara nzima na kila daladala inakutukana.

Pili, sisi tunalipwa kwa tripu. Taka zikipungua, tripu zinapungua. Nina watoto. Nisikudanganye kwamba nafurahia wazo lako.

Kilo Mbili

Kaka Dizeli, sijakudharau hata kidogo. Umesema neno ambalo mimi nisingeaminiwa nikilisema: mnalipwa kwa tripu. Maana yake kwenye mnyororo mzima, kuanzia mkandarasi hadi wewe, hakuna mtu anayenufaika taka zikipungua. Si kosa lenu, mkataba ndio umeandikwa hivyo. Ukiandikwa kwa namna nyingine, gari hilohilo lingekuwa linazungukia vituo kubeba marobota.

Dizeli

Likizungukia vituo kwa malipo yaleyale sina neno.

Mzee wa Fungu

Nimekaa idara ya fedha kwenye halmashauri (sitaitaja) hadi nilipostaafu, kwa hiyo niwaeleze kwa nini mnaletewa mashine na si malipo ya kila mwezi. Wengi mnadhani ni ujinga au ni ulaji. Ulaji upo, ila sababu kubwa ni ya kihasibu.

Sehemu ya mapato ya ndani lazima iende kwenye miradi ya maendeleo. Mashine ni maendeleo. Jengo ni maendeleo. Malipo ya kila mwezi kwa kituo cha mtaa yanasomeka kama matumizi ya kawaida, na huko ndiko kila kitu kinagombaniwa: posho za vikao, mafuta, umeme wa ofisi, shajala. Fungu hilo likipungua katikati ya mwaka, la kwanza kukatwa ni lile lisilo na mtu wa kulipigia kelele. Kituo cha plastiki cha Kimara hakina mtu ndani ya ukumbi.

La pili, ukaguzi. Mkaguzi akija anaomba aonyeshwe. Mashine anaonyeshwa, anaigusa, anaandika namba yake, hoja inafungwa. Sasa muonyeshe tani ambazo hazikufika dampo. Utamuonyesha nini? Afisa yeyote mwenye akili ataona afadhali anunue mashine isiyofanya kazi kuliko alipe kitu halali ambacho hakiwezi kuthibitishwa mezani. Ile mashine mbovu haimfukuzishi kazi. Malipo yasiyo na vielelezo yanamfukuzisha.

Kwa hiyo mleta mada, hoja yako ni nzuri ila haitapita hadi uje na karatasi. Ukiniletea utaratibu wa kuhakiki kilo, nitakwambia kifungu cha kuiweka.

Nyamwezi Mjini

Mzee umemaliza. Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na huu uzi. Nchi hii ilikuwa na wafanyakazi hewa. Mkianza kulipwa kwa kilo tutakuwa na kilo hewa. Mtamwagia maji maboksi, mtatia mchanga kwenye chupa, mtapima robota lilelile asubuhi na jioni. Kituo kitazuia tani nyingi kuliko taka zinazozalishwa na kata nzima.

Kilo Mbili

Nyamwezi, mchanga kwenye chupa naletewa hata sasa, tena kwa pesa yangu mwenyewe. Yupo mzee mmoja anajaza maji kwenye chupa tatu za chini kabisa ya kiroba, akiamini sitafika huko. Nafika.

Ndiyo maana nasema halmashauri isilipe kwa kilo inayoingia kituoni. Ilipe kwa kilo iliyouzwa. Mnunuzi wangu anapima mzigo, nami namtolea risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye uzito na bei. Yeye hana sababu ya kunizidishia uzito kwa sababu analipa kutoka mfukoni mwake. Mzani wangu umehakikiwa na Wakala wa Vipimo, una stika, wake pia unayo. Kila mwezi naleta risiti, hati ya kupokelea mzigo ya mnunuzi, na daftari langu. Vikipishana sana silipwi. Mzee wa Fungu, hiyo karatasi inatosha?

Mzee wa Fungu

Inakaribia. Ongeza ukaguzi wa kushtukiza wa afisa mazingira wa kata, na kikomo cha juu cha kilo kwa mwezi kwa kila kituo ili bajeti isivunjike. Mkataba uuite wa huduma, wala usiandike neno ruzuku popote. Ukiandika ruzuku utapelekwa kwa afisa maendeleo ya jamii na utaishia kwenye fomu za mkopo. Ukiandika huduma unaingia kwenye manunuzi, na huko lazima uwe umesajiliwa NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali. Hapo ndipo vikundi vingi vitakwama, niseme ukweli.

Mama Sikudhani

Kaka Kilo Mbili, mimi nimepitia huo mkopo. Tulikuwa kikundi cha wanawake, mkoa sitautaja. Tuliomba mashine ya kusaga plastiki. Mzabuni alichaguliwa huko juu, sisi tukaitwa kupokea. Mashine nzuri, ya kijani, mpya. Fundi akafungua kifuniko cha mota akacheka. Inataka umeme wa fezi tatu. Mtaa wetu wote ni fezi moja, na kuvutiwa njia mpya ni gharama kuliko mkopo wenyewe. Tukaenda kuuliza, tukaambiwa mashine imeshatoka stoo haiwezi kurudi.

Marejesho yakaanza mwezi uliofuata kama kawaida. Tumeyalipa kwa kuuza vitumbua.

Baadaye tulipata pa kuipeleka, karibu na mashine ya kukoboa mpunga, wakaturuhusu kutumia umeme wao usiku. Hapo tukagundua jambo la pili: visu. Plastiki ya mtaani ina mchanga. Kama huna maji ya kuosha kabla ya kusaga, visu vinakuwa butu upesi sana, na fundi wa kunoa visu vile kwa kipimo sawasawa yupo mjini tu. Bajeti ya visu hakuna aliyeifikiria, wala ya maji. Kwa hiyo naunga mkono hoja kwa mikono miwili. Msituletee mashine. Tulipeni kazi, tutajua wenyewe tununue nini.

Chapati Maji

Dada pole. "Fundi akafungua akacheka" imeniua.

Tabata ya Zamani

Vijana wengi humu hawajui hili jiji lilivyohangaika na dampo. Nimekulia Tabata. Dampo lilikuwa pale, moshi usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi wakaishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, linaongezewa, mpaka Jaji Lugakingira akakataa. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa kule nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti. Zikaenda Mtoni. Sasa Pugu.

Kila dampo likihama linaenda mbali zaidi na kila kilomita inayoongezeka inalipwa milele. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar peke yake. Baada ya Pugu mtapeleka wapi, Kisarawe? Kibaha? Wenyewe watakubali? Mkiweka bei ya dampo muweke na hiyo.

Nyasaka

Mwanza hapa. Sisi tuna dampo la kisasa Buhongwa, lilijengwa kupitia ule mradi wa miji ya kimkakati wa Benki ya Dunia, kama Arusha kule Muriet na Dodoma kule Chidaya. Dampo la kisasa si shimo, lina utando chini, mabomba ya kukusanya maji machafu, mabwawa. Ujenzi wake ni ghali na ni mkopo ambao taifa linalipa. Kwa hiyo kila chupa na kila ganda la ndizi linaloingia mle linakula nafasi iliyonunuliwa kwa deni.

Mimi hoja ya mleta mada naiona ina nguvu zaidi kwetu kuliko kwenu Dar. Kilo iliyozuiwa kwetu inarefusha maisha ya dampo. Injinia yeyote anaweza kupiga hesabu ya mita moja ya ujazo pale imegharimu kiasi gani, na hapo unapata bei ya haki ya kulipa kituo. Haihitaji kubahatisha.

Kilo Mbili

Nyasaka, hii naichukua nzima.

Bin Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Nawasoma nikitabasamu, maana huku kwetu tumelivuka daraja la sheria na bado tumesimama palepale. Taka kwa mujibu wa katiba ya 2010 ni kazi ya kaunti. Mwaka 2022 ikapita Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na imeziagiza kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia na kuokoa malighafi, na sisi raia tutenge taka zinazooza na zile kavu tangu nyumbani. Imeandikwa vizuri mno, ungedhani imetungwa na malaika. Ukiuliza fungu la hivyo vituo, MCA wako (diwani wa kaunti) anaanza kukuuliza habari za mazishi ya jirani.

Lakini kuna jambo moja sheria ile imeleta ambalo ninyi hamjaligusa. Mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa anawajibishwa kwa taka yake hadi mwisho wake, na kanuni zake zikatoka 2024. Kwa nini mlipa kodi wa Kimara alipie chupa ya kampuni inayopata faida? Bwana, alipe mwenye chupa.

Kilo Mbili

Bin Kisauni, alipe, tena alipe haraka. Sina ugomvi na hilo. Wasiwasi wangu ni kwamba mwenye chupa atalipia chupa. Maganda ya ndizi mwenyewe nani? Mchicha uliooza sokoni mwenyewe nani? Pesa ya wazalishaji itafanya soko la chupa kuwa zuri zaidi, ambalo tayari ndilo lenye afadhali, na lile fungu kubwa linalooza litabaki mikononi mwa halmashauri kama zamani. Na ndilo linalonuka, ndilo linalotoa maji yale anayosema Dizeli.

Bin Kisauni

Hapo umenibana. La maganda ni la serikali, halina babu wala bibi.

Altona

Naandika kutoka Hamburg. Kwa vile mmefika kwenye maganda, kumbukeni Mabwepande. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, na Kinondoni ilijengewa pale Mabwepande kituo cha mboji kwa ushirikiano huo, kikasanifiwa kupokea tani 50 kwa siku za taka za masokoni. Ni mfano wa pesa ya umma kuingia kwenye zile taka zisizo na mnunuzi.

Kuhusu chupa, huku unaweka amana ya senti 25 ya yuro unaponunua maji, ukirudisha chupa mashine inakurudishia. Imeanza 2003. Serikali haitoi pesa yoyote hapo, imetunga kanuni tu. Hutaona chupa barabarani, na ukiiona kuna mzee anaifuata.

Shamba Darasa

Mboji nimeitengeneza, na bei ndiyo iliyonishinda, maana kuitengeneza si kazi. Ukitaka kuiuza kama mbolea lazima isajiliwe TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea, kwa hiyo sampuli, vipimo, ada, kusubiri. Sawa, ni kwa usalama, sitaki mkulima auziwe vioo. Lakini kituo cha kata kinachotoa viroba mia kwa msimu hakiwezi kubeba gharama ileile ya kiwanda. Na tangu ruzuku ya mbolea ianze 2022, mkulima wa kwetu anapata mbolea ya viwandani kwa bei iliyopunguzwa. Kiroba changu cha mboji kimekaa kando yake kwa bei kamili. Sijawahi kuona mboji ya kituo cha mtaa ikiuzwa kwa ruzuku hiyo.

Kwa hiyo kama kuna diwani anasoma humu: halmashauri inunue mboji hiyo yenyewe. Ina bustani, ina miti ya barabarani, ina shule zenye mashamba. Inatoa zabuni ya udongo wa bustani kila mwaka huku ikilipia udongo huohuo upelekwe dampo ukiwa bado ni maganda.

Nyamwezi Mjini

Mstari wa mwisho huo uandikwe ukutani pale halmashauri.

Bado sijashawishika kwa asilimia zote, lakini naona mnaongea kitu. Swali langu kwa mleta mada: wale waokotaji wa mkokoteni wanapata nini kwenye huo mkataba wako? Isije ikawa halmashauri inamlipa mwenye banda, mwenye banda anajenga ghorofa, na mwokotaji bado analala barazani.

Kilo Mbili

Swali la haki, na linanigusa mimi mwenyewe kwa kuwa ndiye mwenye banda.

Nilifikiri hivi: mkataba uweke bei ya chini ya kununulia kutoka kwa mwokotaji. Soko likishuka, malipo ya halmashauri yanaziba pengo ili bei ya chini isishuke, na risiti za kununulia ziwe sehemu ya vielelezo. Soko likipanda, mwokotaji anapata zaidi. Wengi wao hawana simu ya kupokelea pesa wala kitambulisho, hiyo ni kazi nyingine. Kule Bonyokwa waliwaweka wakusanyaji wenyewe kwenye ushirika, na hiyo ni njia nzuri zaidi kuliko yangu, kwa sababu pale mwenye banda ndiye mwokotaji. Kata ikiwa na ushirika wa namna hiyo, mkataba uanze nao, mimi nisubiri.

Mama Sikudhani

Na choo. Wekeni choo na maji ya kunawa kwenye huo mkataba. Mnazungumza mabilioni, watu wanachambua taka kutwa nzima wanakwenda kuomba choo kwa jirani.

Kilo Mbili

Dada, choo kinaingia kwenye lile eneo lenye paa. Nakiandika.

Mtaa wa Pili

Wakuu, mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, nimeupenda huu mjadala. Naanzia wapi kiutaratibu? Nikiongea haya kwenye mkutano wataniona mwendawazimu.

Mzee wa Fungu

Usianze na mkutano wa hadhara. Anza na Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ndiye katibu wake. Peleka ukurasa mmoja, siyo uzi huu. Andika: kata inazalisha tripu ngapi kwa wiki (waulize wakandarasi), kila tripu inagharimu kiasi gani, kituo kilichopo kinauza kilo ngapi kwa mwezi kwa risiti. Omba majaribio ya kata moja kwa mwaka mmoja wa fedha, wenye kikomo. Muhtasari wa kikao ukisainiwa, diwani anaubeba hadi kwenye kamati ya halmashauri. Wahi kabla ya Januari, kwa sababu kati ya Januari na Machi mabaraza ya madiwani yanapitisha bajeti, na ikishapita unasubiri hadi mwaka mpya wa fedha mwingine. Kisha muone mweka hazina mwenyewe, kwa heshima, kabla hajaliona jambo hili kwenye kikao. Hakuna mweka hazina anayependa kushtukizwa.

Mtaa wa Pili

Asante mzee wangu. Tripu kwa wiki nitazipataje? Mkandarasi wetu hapokei simu.

Dizeli

Nicheki faragha, nina daftari langu la tripu tangu nianze kazi. Ila jina langu lisitokee popote.

Na wewe Kilo Mbili, kuna jambo nilitaka kukuuliza. Wapakiaji wangu huwa wananing'iniza viroba ubavuni mwa gari, wanachambua chupa njiani kabla hatujafika dampo. Huwa wanauza kwa jamaa wa kule getini kwa bei ya kutupa. Tukipita Kimara jioni, unafunga saa ngapi?

Kilo Mbili

Saa mbili usiku. Kofia mtoe, maji mmwage.